Waliozaliwa na VVU Wamefika Umri wa Kupenda

Tanzania ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI mwaka 2004, mtoto aliyezaliwa na virusi hivyo alihesabiwa kuwa mgonjwa ambaye huenda asifike hata darasa la saba. Hesabu hiyo ilikuwa na msingi wake, kwani bila tiba karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Walioiwahi tiba waliishi, wakasoma, wakabalehe, na leo baadhi yao wana miaka ishirini na zaidi. Kliniki zilizowalea zilikuwa zimeandaliwa kwa ajili ya kuwaweka hai, kwa hiyo kwa miaka mingi zilipima uzito, zikahesabu vidonge na kuangalia kinga ya mwili. Swali la mapenzi lilichelewa kuulizwa, na lilipoulizwa mara nyingi lilikuja kwa sura ya tuhuma: je, vijana hawa si hatari kwa wenzao?

Hatari ipo, na haifai kufunikwa. Hata hivyo, ukiifuatilia nyuma hadi inakoanzia, utaikuta ilianza muda mrefu kabla kijana hajapata mpenzi wa kwanza, katika nyumba ambamo hakuna aliyemwambia ukweli kuhusu vidonge vyake, na katika chumba cha daktari ambamo aliulizwa kila mara kuhusu dozi bila kuulizwa hata mara moja kama kuna mtu anayempenda. Ukimya huo waliuanzisha watu wazima, na kijana akaurithi.

Inafaa kwanza kutenganisha makundi mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuna vijana walioambukizwa wakiwa wakubwa, wengi wao kwa njia ya ngono, na kuna waliopata maambukizi kutoka kwa mama wakati wa ujauzito, wakati wa kujifungua au kwa kunyonya. Pasipo kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na akina mama wenye VVU, 15 hadi 45 huambukizwa. Kwa dawa na ufuatiliaji mzuri idadi hiyo hushuka chini ya 5. Kijana wa kundi hili la pili hana kumbukumbu ya maisha yasiyo na kliniki. Amemeza dawa tangu kabla hajajua kusoma, mara nyingi amempoteza mzazi mmoja au wote wawili, na amelelewa na bibi, shangazi au mama mkubwa, pengine kwa kuhamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Anapofika miaka 15 ameichoka dawa kwa namna ambayo mtu aliyeanza tiba mwaka jana hawezi kuielewa.

Je, kijana huyu hujihatarisha kuliko wenzake? Tafiti zilizofanywa New York, zikiwalinganisha vijana waliozaliwa na VVU na wenzao ambao mama zao walikuwa na VVU lakini wao wakazaliwa salama, hazikuona kwamba wenye virusi ndio wanaojihatarisha zaidi. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha vijana 732 wa miaka 15 hadi 19 ulikuta kwamba takriban theluthi moja walikuwa wamekwisha kuanza ngono, na ukaonyesha pia kwamba matamanio yao ya mapenzi ni yale yale ya kijana yeyote wa umri huo. Jambo hili lilipaswa kuwa dhahiri tangu awali, lakini lilihitaji kuandikwa, kwa sababu ushauri uliokuwa ukitolewa ulichukulia kwamba mtoto wa kliniki angebaki mtoto.

Utafiti mwingine, wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2013, unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Ulifuatilia vijana 330 wa miaka 10 hadi 18 waliozaliwa na VVU, na kukuta kwamba 92 kati yao, yaani asilimia 28, walikuwa wamekwisha kufanya ngono. Asilimia 62 ya hao 92 waliwahi kufanya hivyo bila kondomu, theluthi moja tu walikuwa wamemjulisha mpenzi wao wa kwanza kuhusu hali yao, na asilimia 42 walipimwa na kukutwa na virusi vingi, nakala 5,000 au zaidi kwa mililita moja ya damu, baada ya kuwa wameanza ngono. Kulikuwa na matokeo mengine ambayo hayazungumzwi sana: miongoni mwa wale ambao hawakuwa wameanza, vijana waliokuwa wakiruka dozi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza ngono katika miaka iliyofuata. Kuacha dawa na kuanza ngono vilikuja pamoja. Ninavyoyasoma matokeo hayo, hayatuambii kwamba kijana amekuwa mkaidi wa makusudi; yanatuambia kwamba vidonge na mapenzi vinagusa jeraha moja, yaani tamaa ya kuwa mtu wa kawaida, walau kwa muda.

Jeraha hilo huanzia kwenye uongo wa nia njema. Mtoto anapouliza kwa nini anameza dawa kila siku wakati binamu zake hawamezi, huambiwa kuwa ana pumu, ana tatizo la kifua, ana moyo mdogo, au kwamba dawa ni za kumwongezea nguvu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2011 kwamba mtoto wa umri wa kwenda shule, kati ya miaka 6 na 12, aelezwe hali yake hatua kwa hatua kulingana na uwezo wake wa kuelewa. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki jambo hilo husogezwa mbele mwaka baada ya mwaka, na sababu zake zinaeleweka. Kumweleza mtoto ni kumweleza pia jinsi alivyopata virusi, maana yake mama anafungua siri yake mwenyewe na pengine ya baba ambaye hayupo tena kujieleza. Bibi naye anahofu kwamba mtoto ataropoka mbele ya majirani, au atamchukia marehemu mama yake. Walezi hawa si watu wabaya. Wanajaribu kulinda heshima ya nyumba kwa namna waliyoifahamu.

Lakini mtoto haishi ndani ya uongo huo kwa muda mrefu kama wanavyodhani. Husoma mabango ukutani siku ya kliniki, hulinganisha kopo lake na la mwenzake, hutafuta jina la dawa kwenye simu, au husikia somo la UKIMWI darasani na kukuta maelezo yote yanamhusu. Anayegundua peke yake hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba ana VVU, na kwamba VVU ni jambo la aibu kiasi cha watu wanaompenda kumficha. Hilo la pili ndilo analoingia nalo katika mapenzi. Mtu ambaye hakuwahi kusikia neno VVU likitamkwa nyumbani kwa sauti ya kawaida, atalitamkaje mbele ya mpenzi wa wiki tatu?

Mwili wenyewe nao huongeza uzito. Watoto waliochelewa kuanza tiba mara nyingi hudumaa na kuchelewa kubalehe. Msichana wa miaka 16 anaweza kuonekana wa miaka 12, na mvulana akaitwa mtoto na wadogo zake. Kijana wa namna hiyo anapopendwa na mtu, mapenzi yale humthibitishia kwamba yeye pia ni mtu mzima na anatamanika, jambo ambalo amelingoja kwa muda mrefu kuliko wenzake. Kumwambia avunje uhusiano huo kwa sababu ya afya, bila kutambua unampa nini, ni kumpa ushauri ambao hawezi kuutii.

Sasa tuingie kwenye swali la kuambukiza, kwa kuwa hapa ndipo hofu nyingi zinapotokana na ujuzi uliopitwa na wakati. Dawa za kufubaza haziondoi VVU mwilini. Huvizuia kuzaliana, na vile vilivyobaki hulala ndani ya baadhi ya chembe za kinga kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Dawa zikimezwa kila siku, baada ya miezi kadhaa virusi katika damu hupungua hadi kipimo kishindwe kuviona. Mtu aliyefikia hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono. Utafiti mkubwa uliohusisha jozi 1,763 za wenza kutoka nchi tisa, Kenya ikiwemo, ulitangaza mwaka 2011 kwamba kuanza tiba mapema kulipunguza maambukizi kati ya wenza kwa asilimia 96. Mwaka 2016, utafiti wa Ulaya uliofuatilia wenza ambao mmoja ana VVU vilivyofubazwa na mwingine hana, ukahesabu takriban matendo 58,000 ya ngono bila kondomu, haukukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza huyo. Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: virusi visipoonekana, hakuna hatari ya kuambukiza kwa ngono, vikiwa vinaonekana lakini havizidi nakala 1,000 kwa mililita, hatari hiyo inakaribia sifuri.

Ujuzi huu una mipaka ambayo kijana anapaswa kuelezwa pamoja nao. Unahusu ngono, unyonyeshaji una hesabu yake, na kuchangia sindano kuna yake. Hauzuii mimba, kaswende wala kisonono. Zaidi ya yote, unategemea kipimo cha karibuni na dozi za leo, si karatasi ya mwaka juzi. Dawa zikiachwa, virusi huweza kurudi kwenye damu ndani ya wiki chache, wakati mwili bado unajisikia mzima kabisa. Kwa hiyo hatari ya kijana kumwambukiza mpenzi wake hutegemea kwanza mazingira yanayomwezesha au kumzuia kumeza kidonge kimoja kila jioni, kuliko idadi ya wapenzi alionao.

Mazingira hayo yanajulikana. Katika bweni la shule hakuna kona ya siri. Makopo hulia vidonge vinapogongana, kwa hiyo wanafunzi huvihamishia kwenye vifuko vya karatasi au huvificha ndani ya soksi. Wengine husubiri taa zizimwe ndipo wameze bila maji. Anayetembelewa na mpenzi chumbani huficha dawa zote, na siku hiyo dozi hurukwa. Huu ndio mfungamano ambao ushauri wa kawaida hauuoni: kijana anaacha dawa ili asijulikane na mtu anayempenda, na kwa kuacha dawa anamweka mtu huyo huyo hatarini. Dawa ya dolutegravir, iliyoanza kutumika kwa wingi Kenya na Tanzania kuanzia miaka ya 2018 na 2019, imesaidia kwa kuwa humezwa mara moja kwa siku na virusi huchelewa kujenga usugu dhidi yake, lakini hakuna kidonge kinachofanya kazi kikiwa kimefichwa chini ya godoro.

Kondomu inaonekana kuwa jibu rahisi, na kwa mwenye uwezo wa kuamua ni jibu zuri, kwa sababu huzuia VVU, mimba na magonjwa mengine kwa pamoja. Lakini kondomu huhitaji watu wawili kukubaliana. Msichana anayesisitiza kondomu huulizwa kwa nini, kama hamwamini mwenzake au kama ana lake analolificha, na kwa huyu anayelificha kweli swali hilo linatisha kuliko ujauzito. Mvulana naye huogopa kuonekana mwoga mbele ya wenzake. Tena tunapotumia maneno tabia hatarishi, tunachukulia kwamba kila kijana alichagua. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikumbana na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana zaidi ya 1 kati ya 10. Yatima anayelala kwa ndugu, anayetegemea nauli ya kliniki kutoka kwa mtu mzima, hayuko salama kuliko wengine. Mtoa huduma anayemuuliza kwa nini hukutumia kondomu, kabla ya kumuuliza kama ulitaka tendo hilo, amekosea mpangilio wa maswali yake, na katika mambo haya mpangilio wa maswali huamua kama kijana atarudi.

Kumjulisha mpenzi ni suala gumu kuliko yote, na sheria zimelifanya kuwa gumu zaidi. Sheria ya VVU na UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inamtaka mtu anayejua kuwa ana VVU amjulishe mwenzi wake wa ndoa au wa ngono, na inampa anayeambukiza kwa makusudi kifungo cha miaka mitano hadi kumi. Nchini Kenya, kifungu cha 24 cha sheria ya mwaka 2006 kilikuwa na agizo la kufanana na hilo, hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha mwezi Machi 2015 kwa kuwa maneno yake hayakuwa dhahiri na yaligusa haki ya faragha. Sielewi jinsi tishio la jela linavyoweza kumfungua kinywa mtu wa miaka 18 ambaye nyumba yake mwenyewe ilimfundisha kunyamaza. Anachokiogopa kwanza ni picha yake kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mpenzi akiachana naye kwa hasira, siri inabaki mikononi mwa mtu aliyekasirika. Kwa sababu hiyo, washauri nasaha wenye uzoefu hawamsukumi kijana aseme leo. Humsaidia kupima uhusiano wenyewe, kuamua amwambie nani, wapi na kwa maneno gani, na pengine kumleta mwenzake kliniki wapime pamoja. Wakati huo wote kondomu na dozi kamili humlinda mwenzake, na mwenza ambaye hana virusi anaweza kutumia dawa kinga, PrEP, ambayo Kenya ilianza kuisambaza kitaifa mwaka 2017. Kondomu ikipasuka, kuna dawa za dharura zinazopaswa kuanzwa ndani ya saa 72.

Kuna mambo ya afya ya uzazi yanayopotea kabisa katika mjadala huu wa kuambukiza na kutoambukiza. Mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na VVU. Chanjo ya HPV, yaani kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, inamhusu sana msichana huyu, na kwake Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dozi mbili, ikiwezekana tatu, hata pale ambapo wenzake wanapewa moja. Kwa upande wa uzazi wa mpango, anayemeza efavirenz, mojawapo ya dawa za kufubaza, anapaswa kujua kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu ya vijiti vinavyowekwa mkononi. Dolutegravir haina tatizo hilo. Ni maelezo mafupi, yasiyochukua hata dakika tano. Hayatolewi kwa sababu kumweleza msichana kuhusu vijiti kunaonekana kama kumruhusu, na mtoa huduma anayemfahamu tangu akiwa mchanga huona haya kama angekuwa mama yake. Basi humwambia asubiri ndoa, msichana huitikia vizuri, kisha huenda duka la dawa la mtaa mwingine.

Mahali ambapo hali imebadilika, mara nyingi kazi imefanywa na vijana wenyewe. Zimbabwe ilianzisha mpango wa Zvandiri mwaka 2004, unaowafundisha vijana wanaoishi na VVU kuwatembelea na kuwasaidia wenzao nyumbani. Ulipopimwa kisayansi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba idadi ya vijana walioshindwa kufubaza virusi au kufariki ilikuwa pungufu kwa asilimia 42 ukilinganisha na waliopata huduma ya kawaida pekee. Kenya ina mpango wake wa sifuri tatu: sifuri ya kukosa kliniki, sifuri ya kuruka dozi, sifuri ya virusi kwenye kipimo. Tanzania ina klabu za vijana zinazokutana siku za Jumamosi wakati shule zimefungwa. Nguvu ya mipango hii ni kwamba mwelimishaji rika anaweza kusema nilimwambia mpenzi wangu, na hivi ndivyo ilivyokuwa, maneno ambayo hakuna daktari anayeweza kuyasema. Ndiyo maana inauma kwamba Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, wengi wa waelimishaji hawa, waliokuwa wakilipwa posho ndogo kutoka fedha hizo, walirudishwa nyumbani. Dawa ziliendelea kutafutiwa fungu, kama inavyostahili. Mtu wa kuongea na kijana hakuonekana kuwa sehemu ya tiba.

Baadhi ya waliozaliwa na VVU sasa wenyewe ni wazazi, na hapa habari ni njema kuliko vijana wengi walivyoambiwa. Mama mjamzito ambaye virusi vyake vimefubazwa tangu kabla ya mimba ana nafasi ndogo sana ya kumwambukiza mtoto. Huendelea na dawa zake, hufundishwa kumeza vidonge vya kuongeza damu pamoja na chakula ili visipunguze nguvu ya dolutegravir, hujifungulia kituoni, mtoto hupewa dawa za kinga, hunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, hupimwa kwa mara ya kwanza akiwa na wiki sita hivi, na hupimwa tena baada ya kuachishwa ziwa. Kila hatua katika mlolongo huu inategemea mama kuonekana kliniki mapema. Msichana aliyewahi kuambiwa kwamba watu kama yeye hawapaswi kuzaa huificha mimba hadi mwezi wa saba, na miezi hiyo saba ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa zaidi.